Watu Mashuhuri Wanapokosea, Sisi Wanakwaya Tufanye Nini?

Mada iliyotolewa na kamati ya kwaya siku ya tafakari, kuelekea Jubilei ya Miaka 25



 Sisi wanakamati tungependa kuzungumzia historia ya kwaya, lakini historia imeandikwa kwingine katika kijitabu hiki. Mada hii tulipewa na Padre Paroko baada ya kuonyeshwa mambo tuliyokuwa tukiandikiana katika kikundi chetu cha WhatsApp. Tuseme ukweli, hatukuifurahia.

Kikundi kile tulikifungua kwa ajili ya noti za nyimbo, ratiba ya mazoezi na michango ya matanga. Alhamisi moja mwalimu wa kwaya alituma Zaburi ya Jumapili. Kabla haijafunguliwa na yeyote, ikaingia video ya msanii mmoja akiwa jukwaani, nguo kidogo, maneno mengi. Mmoja akaandika "Ee Mungu turehemu." Mwingine akacheka. Wa tatu akauliza kama kuna sehemu ya pili ya video hiyo. Hadi usiku wa manane Zaburi ilikuwa imesukumwa juu hadi ikapotea, na Jumapili sauti ya tena haikuijua. Wote mlisikia.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wake, kwa sababu baadhi ya watu hao mashuhuri ni watoto wa kwetu. Esther Akoth, ambaye wengi wanamjua kama Akothee, ni binti wa Migori. Ana shule aliyoijenga Rongo. Mwaka 2019 picha zake akitumbuiza jukwaani zilizua kelele nchi nzima. Ezekiel Mutua, aliyekuwa mkuu wa Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya wakati huo, alimkemea hadharani, naye si mtu wa kunyamaza, akajibu hadharani. Mwaka huo huo njaa ilipoipiga Turkana, alibeba chakula akaenda. Basi hapa chini ya mti, baada ya Misa, tuligawanyika. Wengine walisema anaaibisha kina mama wa Nyanza. Wengine walisema anayelisha wenye njaa asiguswe. Tulibishana hadi jua likawa kali. Tukiwauliza leo waliokuwepo ni nani kati yetu aliyemwombea siku ile, jibu ni kwamba hakuna.

Msichana mmoja wa alto alitwambia neno ambalo hatujalisahau. Alisema, "Nyinyi mama zetu hamtuambii kitu. Huyo angalau anasema." Akothee amesimulia hadharani kwamba aliacha shule na kuolewa akiwa na miaka kama 14, kisha akarudi masomoni akiwa mtu mzima hadi akapata shahada. Wasichana wanasikiliza hayo. Kama hatupendi jinsi anavyocheza jukwaani, tuna haki ya kutopenda, na tuwaambie watoto wetu nyumbani sababu ni nini, kwa maneno ya heshima. Lakini tukimfukuza mdomoni mwetu mtu mzima mzima, na yale ya kweli anayosema yanatoka pamoja naye. Mtoto anabaki na simu tu, na sisi tumenyamaza.

Tulipokaa kutayarisha mada tulirudi kwa Mtakatifu Paulo. Katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 5, anawaandikia watu waliokuwa na kashfa ndani ya kanisa lao wenyewe. Anawaeleza kwamba kuwahukumu walio nje si kazi yake, hao ni wa Mungu. Kazi yao ni waliomo ndani. Sisi tumeigeuza. Walio nje tunawahukumu kila jioni, waliomo ndani tunawaangalia wana cheo gani kwanza.

Mzee mmoja wa besi alitupinga. Akauliza, na Yohane Mbatizaji je? Hakumkemea Herode hadharani? Ni swali zuri, na lilitusumbua wiki nzima. Ni kweli alimkemea. Lakini alimwambia Herode mwenyewe, na maneno hayo yalimgharimu kichwa chake. Maneno yetu ya WhatsApp yanatugharimu bando. Hata Nathani alipotumwa kwa Daudi hakusimama sokoni Yerusalemu. Aliingia nyumbani kwa mfalme akamsimulia habari ya maskini na kondoo wake mmoja. Kama kati yetu kuna anayemjua msanii fulani, shangazi yake, aliyesoma naye, jirani wa boma lao, huyo ana njia. Aende akaseme naye kwa upole. Sisi wengine tusio na njia tunaweza kufanya mambo machache: tusinunue tiketi, tusipige wimbo huo kwenye harusi zetu, tuombe, tunyamaze.

Tena tukumbuke biashara ilivyo. Video ikitazamwa mara nyingi kwenye YouTube inaleta matangazo, na matangazo yanaleta pesa. Mtambo hauulizi kama ulitazama ukifurahi au ukikunja uso. Mtu aliyeitazama mara tano ili apate la kulaani ameichangia mara tano. Wapo wasanii wanaolijua hilo vizuri kuliko sisi, na wanatupangia hasira zetu kama mwalimu anavyopanga sauti.

Wale wanaoimba kwa jina la Yesu tuwazungumzie kwa namna nyingine, maana hao wako ndani. Rose Muhando wa Tanzania ni mtu wa kwaya kama sisi. Alikuwa mwalimu wa kwaya Dodoma kabla jina lake halijavuka mpaka. Nyimbo zake hatuziimbi kwenye Misa, lakini harusi gani hapa kwetu imekwisha bila wimbo wake mmoja? Baadaye waandalizi wa matamasha wakaanza kulalamika kwamba hafiki anakoitwa. Halafu Novemba 2018 ikasambaa video yake Nairobi, akiombewa na Mchungaji James Ng'ang'a, akiwa katika hali ambayo hakuna mtu angetaka dada yake aonekane nayo. Sisi tuliisambaza. Katika kikundi hiki hiki. Yule mama aliyetuimbisha kwenye safari zote za basi, tulimtazama akiwa chini, tukaandika "makubwa haya," tukaendelea na chai. Yeye alisimama tena, na leo anaimba. Hatukumsaidia kusimama.

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 9, Nuhu alilewa kwa divai ya shamba lake mwenyewe akalala uchi hemani. Hakusingiziwa, alikuwa amelewa kweli. Hamu aliona akatoka nje kuwaambia ndugu zake. Shemu na Yafethi walichukua vazi, wakatembea kinyumenyume, wakamfunika baba yao bila kutazama. Hatuoni mahali wanaposema kwamba Nuhu hakukosea. Walikataa tu kuwa wasambazaji. Tukiwa na simu mkononi, kila mmoja wetu yuko mlangoni pa hema lile, na anaweza kuwa Hamu kwa kugusa kidole mara moja.

Hayati Papa Fransisko, tarehe 6 Septemba 2020, dunia ikiwa katikati ya korona, alisema umbea ni tauni mbaya kuliko korona. Siku hiyo Injili ilikuwa Mathayo 18, ile ya kumwendea ndugu yako kwanza mkiwa wawili peke yenu. Wengi tulicheka tuliposikia. Wengine tuliisambaza habari hiyo, bila shaka, pamoja na mengine.

Hapa tuweke jambo moja wazi, na akina mama wa kamati wamesisitiza liandikwe. Kumfunika mtu si kuficha uhalifu. Mtu mashuhuri, au mwalimu, au kiongozi wa kanisa, au mwanakwaya, akimdhuru mtoto au kumpiga mwanamke, hapo hatuhitaji vazi, tunahitaji polisi. Namba 116 ni ya kuripoti anayedhuru watoto, na 1195 ni ya wanaodhulumiwa kijinsia, hazina malipo. Kanisa limewahi kunyamaza mahali lilipopaswa kusema, na watoto ndio walioumia.

Sasa tunafika mahali palipotufanya tusiifurahie mada hii.

Mwaka 2012 tulizindua DVD yetu ya kwanza. Mnakumbuka. Tulihitaji pesa za studio, na tukamwalika mtu mwenye jina kubwa awe mgeni wa heshima. Jina lake hatulitaji, wengi wenu mnalo. Maisha yake nyumbani tulikuwa tunayajua, na maneno aliyokuwa akisema juu ya wanawake kwenye majukwaa tulikuwa tumeyasikia redioni. Tulimpokea barabarani kwa ngoma. Tulimvika shada. Tulimkalisha mbele, karibu na altare kuliko wazee waliojenga kanisa hili kwa mikono. Tukatunga na wimbo wenye jina lake, beti mbili, na kila alipotoa noti tulirudia kiitikio. Wenyeji mnajua pakruok kwenye ohangla: unatoa pesa, mwanamuziki anasimamisha mapigo anakusifu, unakaa umevimba. Ile ilikuwa pakruok, tofauti ni kwamba tulikuwa tumevaa sare za kwaya.

Miezi miwili kabla ya siku hiyo, msichana mmoja wa soprano alikuwa amepata mimba. Tulikaa kikao. Kikao kilikuwa kifupi. Aliambiwa arudishe sare, na aliirudisha wakati wa mazoezi, mbele ya watu wote, imekunjwa vizuri na kupigwa pasi. Kijana aliyehusika alikuwa wa besi. Aliendelea kuimba. Alipiga hata kayamba siku ya uzinduzi. Msichana alikuja siku hiyo akakaa nyuma karibu na mlango, na mmoja wetu alimwona akiimba sauti yake polepole, bila kufungua mdomo sana, wakati sisi tukimsifu mgeni wa heshima.

Mtakatifu Yakobo, sura ya 2, anamzungumzia mtu aliyeingia kanisani na pete ya dhahabu akapewa kiti kizuri, na maskini akaambiwa asimame kule. Tumeisoma mara ngapi? Mmoja wetu aliyeandika mada hii aliisoma somo hilo mimbarini kwa sauti nzuri sana.

Hatuko peke yetu katika udhaifu huu, na wapo waliojaribu kuurekebisha. Septemba 2021, huko Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana aliwazuia wanasiasa kushika mimbari, wakati akiwekwa wakfu Askofu Rose Okeno. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa mchango wa Rais kwa parokia ya Soweto, akaagiza urudishwe. Pesa ile ilikuwa nyingi. Tulipoisikia habari hiyo tulipongeza kwa nguvu, kisha mweka hazina wetu akauliza taratibu kama sisi tungeirudisha, na mazungumzo yakahamia kwenye mambo ya mahema.

Kwa Jubilei hii hakuna mgeni mashuhuri. Jambo hili halikupita kirahisi; kura zilikuwa karibu sawa, na bajeti imepungua, ndiyo maana chakula ni maharagwe na sukuma, nyama kidogo. Viti vya mbele ni vya waanzilishi wa mwaka 2000. Mchango utatolewa kwa bahasha, na jina la mtoaji halitasomwa, liwe la mfanyabiashara wa Migori mjini au la mama wa samaki wa Homa Bay. Katika kikundi cha WhatsApp, atakayetuma video ya kumdhalilisha mtu, mashuhuri au asiye mashuhuri, ataombwa aifute. Akirudia, katibu atamtoa kwa wiki mbili. Katibu mwenyewe ameshatolewa mara moja.

Na yule dada wa soprano tulimtafuta. Anaishi karibu na Isebania, ameolewa, ana watoto watatu, na anaimba katika parokia ya huko. Watatu kati yetu tulikwenda nyumbani kwake mwezi wa sita, pamoja na yule wa besi ambaye sasa ni baba wa familia. Tulimwomba msamaha. Alitupikia chai, akatusikiliza hadi mwisho, akasema atafikiria. Hakusema amesamehe, na hatukumsukuma. Tumempelekea kadi ya mwaliko.

Fundi alipokuwa anashona sare mpya za Jubilei tulimwagiza ashone moja zaidi ya soprano. Saizi tumekisia.