Karibu Kiti: Kwa Nini Benchi Letu Lina Jina la Mtu

(Maneno ya Katibu wa kikundi siku ya kuadhimisha miaka kumi. Yamechapwa kama yalivyosemwa.)



Awali ya yote tumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii tukiwa hai. Mwenyekiti wetu ameshasoma risala, na Mweka Hazina ameshaeleza hesabu, kwa hiyo mambo ya fedha sitayagusa sana. Mimi nimepangiwa jambo moja tu. Nimeambiwa niwaeleze lile benchi tutakalolizindua leo mbele ya zahanati: kwa nini tumeliweka, na kwa nini lina jina la mtu. Najua baadhi yenu bado mnanung'unika. Jamani, msinifiche, nawajua. Ndiyo maana nimekubali kusimama hapa.

Mnakumbuka tulikoanzia. Hatukuanzia ofisini wala ukumbini. Tulianzia kibarazani kwa Mama mwenye nyumba. Jina lake wote mnalijua, na leo jioni mtalisoma wenyewe. Mimi sitalitaja hapa, nisije nikalia mbele ya Mgeni Rasmi.

Vijana waliozaliwa kwenye maghorofa wanisikilize kidogo. Zile nyumba zetu za zamani za Kariakoo zilikuwa na ujenzi wake. Ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, uani jiko na choo. Na mbele kabisa, kabla hujaingia ndani, kibaraza cha saruji. Kile kibaraza ni mali ya mwenye nyumba, lakini ni kiti cha mtaa mzima. Muuza kahawa anatua deli lake hapo. Wazee wanacheza bao. Mtoto aliyetoka shule na kukuta mlango umefungwa anamngojea mama yake hapo. Mpita njia akichoka anakaa, anajifuta jasho, anasema ahsante, anakwenda zake. Hakuna anayemuuliza wewe ni nani.

Siku nyingine zote kibaraza kilikuwa cha wanaume, tuseme ukweli. Lakini Alhamisi alasiri kilikuwa chetu. Mama mwenye nyumba alikuwa akikifagia, anatandika mkeka, kisha anawaambia wazee wa bao, "Baba zangu, leo naomba kiti." Na wanainuka! Wanahamia upande wa pili na ubao wao, wananung'unika, lakini wanainuka. Sisi tunakaa, sanduku letu la kufuli tatu katikati, tunanunua hisa, tunakopeshana, tunatozana faini za kuchelewa. Tulipotaka kumpa yeye ufunguo mmoja alikataa. Alisema, "Funguo wapeni vijana. Mimi nina kibaraza, kinanitosha."

Sasa nije kwenye moto. Mwaka 2021, Julai 10, Jumamosi usiku, Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Jengo lile lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1975, sisi tulilizoea kama tunavyozoea mlima, hatukudhani linaweza kushika moto. Mimi nilikuwa na meza yangu ya viungo mle ndani. Nilikimbia mpaka pale, nikazuiwa na askari, nikasimama naangalia moshi. Miguu ikaniishia. Sikumbuki nilivyofika kwa Mama mwenye nyumba. Ninachokumbuka ni kuwa alinikalisha kibarazani, akaniwekea khanga mabegani, akaleta chai ya tangawizi, akakaa pembeni yangu mpaka adhana ya alfajiri. Hakuniambia pole. Hakuniambia Mungu atakupa zaidi. Alikaa tu. Wengine watatu wa kikundi hiki walikuja usiku ule ule, nao akawakalisha. Asubuhi ndipo akasema neno moja: "Leteni sanduku." Mfuko wa jamii ukafunguliwa pale pale. Hii leo mnaponiona nina meza tena, msingi wake ni ile saruji.

Baadaye mambo yakabadilika. Nyumba ilikuwa ya urithi, na warithi walikuwa wengi. Ikauzwa, kama nyumba nyingi za mitaa yetu zilivyouzwa. Sitamlaumu mtu, kiwanja cha Kariakoo ni dhahabu na kila mrithi ana shida zake. Kibaraza kilivunjwa kwa nyundo siku moja, kabla hata ya mabati kuezuliwa. Leo pale pana ghorofa, na chini ni maduka mpaka ukingoni mwa barabara. Mama akahamia kwa mwanaye mbali na mjini, akawa anakuja Alhamisi kwa daladala.

Ndipo miguu ilipoanza kumvimba. Nasema hili kwa aibu, lakini nimeamua kulisema.

Siku moja nilimsindikiza kliniki. Tulipotoka ilikuwa saa saba mchana, jua kali, nasi tunatembea kwenda kituoni. Akasema, "Mwanangu, nitafutie pa kukaa." Nikaangalia. Huku duka, huku duka, huku bidhaa zimepangwa chini, huku pikipiki. Mtaa mzima, ndugu zangu, hapakuwa na mahali pa mtu kukaa ila anunue kitu. Akakaa kwenye ngazi ya duka moja. Kijana akatoka ndani akamwambia, "Mama, unazuia wateja." Hakumtukana, alisema kwa adabu. Mama akainuka. Na mimi, badala ya kumwambia yule kijana mwache apumzike, nilikuwa nawaza meza yangu niliyomwachia mtu. Nikamshika mkono nikasema, "Twende Mama, tumekaribia." Hatukuwa tumekaribia. Mwanamke aliyekalisha watu miaka yote hiyo, akatembea kwa miguu iliyovimba kwa sababu mimi nilikuwa na haraka. Miezi michache baadaye Mungu akamchukua.

Kwenye arobaini yake ndipo nilipotoa wazo la benchi. Mnakumbuka tulivyobishana. Tulipiga kura, na waliokubali waliwazidi kidogo tu waliokataa. Waliokataa walikuwa na hoja, na leo nazijibu kwa heshima.

Hoja ya kwanza ilikuwa jina. Mlisema, sisi ni kikundi, kwa nini mmoja aandikwe na wengine waachwe? Nami nauliza: Kariakoo ni jina la nani? Wazee wetu wanajua. Waingereza walipouteka mji huu mwaka 1916, hapa ndipo ilipokuwa kambi ya wapagazi wa jeshi, "Carrier Corps". Watu wakalitamka kwa ulimi wao, ikawa Kariakoo. Wale wapagazi walibeba risasi, unga na majeruhi kutoka pwani mpaka bara. Wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Nendeni pale kwenye sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Wapagazi wametajwa kwenye maandishi yake, kwa jumla. Jina la hata mmoja halipo. Mtaa mzima umepewa jina la mizigo waliyobeba, lakini nani alikuwa baba wa nani, hatujui.

Halafu tazameni barabara inayopita ubavuni mwa Mnazi Mmoja. Inaitwa Bibi Titi Mohamed. Mwaka 1955, TANU ikiwa na mwaka mmoja tu, mama huyu aliyekuwa muimbaji wa ngoma alianza kuzunguka kwa wanawake wenzake wa vikundi vya ngoma hapa Dar es Salaam, akawaingiza chamani. Wanawake wale walikuwa kama sisi: walikuwa na vikundi, walichangiana, walizikana. Bibi Titi alifariki Novemba 5, 2000, lakini kila siku mtu anamwambia mwenzake, "Nishushe Bibi Titi." Jina likiwa mahali pa kutumika, linaishi midomoni mwa watu. Hatutaki mama yetu aingie kwenye hesabu ya wabebaji wasio na jina. Na tukimwandika yeye, tumeandika kuwa wanawake wa aina yake walikuwepo.

Hoja ya pili ilikuwa fedha. Mlisema, benchi haliliwi, bora kusomesha mtoto. Hoja nzito hiyo. Ndiyo maana hatukugusa akiba ya mtu wala mkopo wa mtu. Tumetumia michango ya hiari na faini za kuchelewa. Na wachelewaji mnajijua, benchi hili ni lenu zaidi kuliko letu!

Lakini nawaomba msione kukaa kuwa ni jambo la bure. Binti wa mwenzetu mmoja anasomea uuguzi, naye alituletea habari za Zimbabwe. Kuna mahali panaitwa Mbare, katika jiji la Harare, penye soko kubwa na pilikapilika kama hapa kwetu. Mwaka 2006 daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alikuwa hana vyumba wala wauguzi wa kutosha. Akawafundisha akina bibi 14 wa pale pale mtaani, wakawekewa mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Mtu mwenye mawazo yaliyomzidi anakuja, anakaa na bibi, anazungumza, bibi anasikiliza na kumsaidia kutafuta njia. Wanaliita Benchi la Urafiki. Watafiti walipopima, na matokeo yakatangazwa mwaka 2016, waliona kuwa waliokaa na wale bibi walipata nafuu kuliko waliohudumiwa kwa utaratibu wa kawaida. Mimi niliposikia nilicheka. Nikasema, mbona hii ni kazi aliyonifanyia Mama mwenye nyumba usiku wa moto, naye hakuwa na cheti?

Hoja ya tatu ilikuwa kwamba benchi litaibwa, au litageuzwa meza ya biashara. Tumeliona hilo. La chuma lingekwisha kwenye vyuma chakavu, la mbao lingekwisha jikoni. Kwa hiyo ni zege, limesimikwa chini, na liko ndani ya uzio wa zahanati, chini ya mwarobaini, kwa kibali cha maandishi. Mwenye kutaka kulibeba aje na winchi.

Baada ya hapo tukabishana maneno ya kuandika. Wengine walitaka sifa ndefu. Wengine walitaka "Marehemu" na tarehe. Nikafikiri: mgonjwa anayesubiri dawa, sifa za mtu asiyemjua zitamsaidia nini? Tukakubaliana jina lake, na chini yake maneno mawili: KARIBU KITI. Basi. Kwetu pwani mgeni hapokewi wima. Kabla hujamuuliza shida yake, unamwambia karibu kiti. Ndivyo alivyokuwa akisema yeye, kwa kila mtu, na yule kijana wa duka angepita kwake angekaribishwa vile vile.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo maana ya jina kwenye benchi kwa jinsi nilivyoielewa mimi. Aliyekufa hana haja ya sifa. Anayekaa ndiye mwenye haja ya kujua kwamba hakukaa kwa kuvizia, kwamba yupo mtu aliyemkaribisha, na mtu huyo ana jina. Ndugu zetu Waislamu wanaita sadaka jaria, ile inayoendelea baada ya mtu kuondoka. Ndugu zetu Wakristo nao wana namna yao ya kusema. Mimi nasema tu kuwa mwenye nyumba ameondoka, nyumba imeondoka, lakini ukaribisho wake bado uko wazi.

Namalizia na maombi mawili. La kwanza, kila Jumamosi asubuhi wanachama wawili watakwenda kulifagia benchi na kufuta vumbi. Orodha ya zamu iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Atakayekosa zamu atalipa faini, na faini itanunua benchi la pili.

La pili ni dogo. Mkimwona mtu mzima njiani anatafuta pa kukaa, msimwambie tumekaribia. Mtafutieni kiti.

Tukitoka hapa tutakwenda zahanati kwa miguu, polepole, kwa mwendo wa wazee wetu. Yule bibi mkubwa kuliko wote kati yetu ndiye atakayekaa wa kwanza. Mimi nitasimama pembeni yake, na safari hii sina haraka.