Mshike, Usimvunje

Iko elimu moja ambayo hatuifundishi shuleni wala hatuihesabu kuwa ni elimu, nayo ni namna ya kumshika mtu anayetaka kukudhuru hadi akatulia, pasipo kumtoa roho wala kumtia kilema. Leo naomba tuizungumze, na nitaanzia Makanya.

Wengi wenu Makanya mnaipita tu. Mkitoka Dar es Salaam kwenda Moshi, mkishaiacha Hedaru na kabla hamjafika Same, mnaona milima ya Upare mkono wa kulia na tambarare kavu yenye mkonge. Basi linasimama dakika chache, mnanunua ndizi dirishani, mnaondoka. Lakini pale ni mahali pa watu wengi. Wapo wa mkonge, wapo wa machimbo ya jasi, wapo wanaoteremka kutoka Suji, Chome na Vudee na mizigo ya mazao. Penye fedha ya mazao na wasafiri wasiojuana, hapakosi mtu wa kupora.

Nilikuwa hapo nikisubiri basi wakati kijana mmoja alipomkwapulia mama mmoja kibindo chake cha fedha. Ikapigwa kelele ya mwizi. Nanyi mnajua, wasikilizaji, kelele hiyo katika nchi yetu huita nini: mawe, fimbo, na mahali pengine tairi na kiberiti. Kesho yake gazeti linaandika kwamba ameuawa na wananchi wenye hasira kali, kana kwamba hasira ndiyo iliyorusha mawe.

Safari hii haikuwa hivyo. Mzee mmoja, mgambo wa zamani, mwembamba kama ufito, alimfikia yule kijana kabla ya umati. Hakumpiga. Alimshika kifundo cha mkono, akaugeuza mkono hadi kiwiko kikaangalia juu, akaweka kigasha chake juu kidogo ya kile kiwiko, kisha akashuka naye taratibu kwa uzito wa mwili wake. Kijana akapiga magoti, akalala kifudifudi, kibindo kikadondoka. Mzee akaketi kando yake bila kuuachia mkono, akawaambia waliokuwa wameokota mawe: “Huyu ameshakamatwa. Sasa mnampiga kwa kosa gani jingine?” Wakabaki na mawe yao mikononi, na baadaye akakabidhiwa polisi akitembea kwa miguu yake.

Nilimwuliza, “Shikamoo mzee, nguvu hizo umezipata wapi?” Akacheka. “Nguvu sina, mwanangu. Mimi najua tu mlango unafungukia upande gani.”

Hakuna mwalimu aliyepata kunieleza jambo hilo vizuri zaidi. Kiwiko kina bawaba kama mlango. Kinakunjika upande mmoja, na kikinyooshwa hadi mwisho hakina pa kwenda. Ukikisukuma hapo, hata mtu wa kilo mia atakufuata. Kifundo cha mkono na bega navyo vina mipaka yao. Kufunga kiungo ni kukifikisha kwenye mpaka wake na kukishikilia hapo. Maumivu huja kwanza, kuvunjika huja baadaye, na nafasi iliyopo katikati ndiyo anayoifanyia kazi mwenye ujuzi.

Sanaa hii Wajapani waliilea kwa karne nyingi ndani ya jujutsu. Mwaka 1882 Jigoro Kano alianzisha shule yake ya Kodokan mjini Tokyo, akachuja mbinu zile na kuunda judo. Hata huko hawakuruhusu kila kitu. Tangu mwaka 1925 mashindano ya judo yanaruhusu kufunga kiwiko tu, kwa kuwa viungo vingine viliumiza watu mno. Kwetu nako si jambo geni. Katika miaka ya 1970, Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, alifundisha karate ya Goju-ryu katika shule ya Zanaki, Dar es Salaam, na wanafunzi wake wakaieneza. Zanzibar nao wana judo iliyojengwa kwa jitihada za Mjapani Tsuyoshi Shimaoka. Ila elimu hiyo imebaki zaidi mijini, na wengi wanaoitafuta wanatafuta mateke ya sinema.

Sasa niseme wazi, maana vijana wakisikia haya huona wamepata dawa ya kila ugonjwa. Mbinu hizi zina mipaka mikali. Ukimfunga mtu mkono umetumia mikono yako miwili, naye amebakiwa na mmoja. Kama ana kisu au panga, usijaribu. Mpe fedha, au kimbia. Kama wako wawili, yule wa pili atakupiga kabali wakati wewe unahangaika na kiwiko cha mwenzake. Kwenye joto la tambarare ya Makanya mkono wenye jasho unateleza kama kambale. Tena kuna mlevi. Mlevi hasikii maumivu kwa wakati, kwa hiyo kiungo kinaweza kuvunjika kabla hajakubali kutulia, nawe ukajikuta umefanya usilolikusudia.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampa kila mtu haki ya kujitetea mwenyewe, kumtetea mwenzake na kutetea mali, lakini kwa nguvu ile tu inayohitajika. Ukimtia mtu madhara makubwa kinyume cha sheria, kifungo chaweza kufika miaka 7. Nayo Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake, ila amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Yaani mwizi aliyekwisha kulala chini, mkono umefungwa, hana tena la kutetewa dhidi yake. Kila pigo linalofuata ni kosa jipya, nalo ni la yule anayepiga. Mzee wa Makanya hakunukuu kifungu chochote, lakini swali aliloliuliza umati wenye mawe ndilo ambalo hakimu angeliuliza.

Je, mtu aanze wapi? Mimi naona tusianze na kumwangusha mtu. Tuanze na kujinasua, hasa dada zetu na mama zetu wanaoshikwa mikono vituoni na njiani. Anayekushika kifundo cha mkono amekizungushia vidole vinne upande mmoja na kidole gumba upande wa pili. Mlango wa kutokea upo pale gumba linapokutana na vidole. Usivute kwa nguvu za mkono. Geuza upande mwembamba wa mkono wako uelekee kwenye lile pengo, kunja kiwiko, sogea kwa mwili mzima, toka, piga kelele na uondoke. Msichana wa darasa la saba anaweza kujifunza jambo hilo jioni moja, ila alirudie majuma mengi hadi mkono ulijue wenyewe, kwa sababu mtu akiogopa akili husahau.

Hatua ya pili, ya kumfunga mwingine, haijifunzwi kwa redio wala kwa picha za ukutani. Inataka mwenzako, uwanja laini, na polepole. Anayefungwa akihisi maumivu anagonga mara mbili, na anayefunga anaachia papo hapo, bila mjadala. Asiyeachia hafai kuwa mwenzako mazoezini. Watoto wadogo wasifundishwe kufungana viungo hata kidogo, mifupa yao bado inakua.

Walimu tunao. Wapo mgambo wastaafu, wapo askari waliorudi vijijini, na karibu kila kata ina shule yenye uwanja wa mchanga. Mzazi anayetaka kumpeleka mwanawe kwa mwalimu wa namna hiyo asiulize ana mkanda wa rangi gani. Akae pembeni siku ya kwanza, atazame mwanafunzi akigonga, halafu ahesabu mwalimu anachukua muda gani kuachia.

Kwa juma hili naishia hapo.