MITI NDIYO WALINZI WA NJIA YETU

(Maneno yaliyosomwa katika mkutano wa wanachama, Kamukuywa)



Tumeombwa kusema juu ya faida ya miti. Labda wengine watauliza, chama cha wafanya kazi kina haja gani na miti? Kazi ya chama ni mishahara, saa za kazi, nyumba na pensheni. Jibu letu ni fupi. Mshahara wa mtu wa reli umekaa juu ya tuta la udongo, na tuta hilo linalindwa na miti iliyo mbali sana na reli. Miti ikiisha huko juu, tuta huku chini lina hatari.

Hapa Kamukuywa hatuna stesheni, lakini tunakaa kati ya njia mbili. Upande mmoja iko njia kuu ipitayo Turbo, Webuye na Bungoma kwenda Malaba. Upande wa pili iko njia itokayo Leseru kwenda Kitale. Njia zote mbili zinavuka Mto Nzoia. Na Nzoia hupata maji yake katika vilima vya Cherangani na Mlima Elgon. Hata mto wetu huu wa Kamukuywa unashuka kutoka Elgon na kuingia humo. Basi shoka likilia Elgon, habari zake zafika chini ya madaraja.

Na tueleze kazi hii jinsi inavyokwenda. Mvua ikinyesha msituni, tone halipigi udongo kwa nguvu. Hupiga majani kwanza, kisha huteremka polepole. Chini kuna majani yaliyooza, nayo hunywa maji kama sifongo. Mizizi imefungua udongo, na maji huingia ndani na kutoka kidogo kidogo katika chemchemi, hata wakati wa kiangazi mama zetu wakapata maji ya kuteka. Lakini penye kilima kitupu maji hayaingii. Hukimbia juu juu, yakachukua udongo mzuri wa shamba, na kufika mtoni yote kwa mara moja. Baada ya siku chache mto umekuwa mdogo tena, nao ni mchafu. Mvua ni ile ile, ndugu. Ila katika msitu maji hutembea kama mzee anayekwenda sokoni, na katika kilima kitupu hukimbia kama ng'ombe aliyeumwa na nyuki.

Watu wa gangi wanajua maana ya jambo hili. Kila kalvati ilipimwa kwa maji ya kiasi fulani. Yakija zaidi, tena yakija na matope na magogo, kalvati huziba, na tuta ambalo si boma la kuzuia maji hugeuka kuwa boma.

Haya si maneno ya kutishana. Mwezi wa Aprili 2024, huko Mai Mahiu, watu zaidi ya 40 walikufa usiku katika mafuriko. Wizara ya Maji ilieleza kwamba maji yalikuwa yamezuiwa na kalvati iliyoziba chini ya reli upande wa Kijabe, yakajaa, kisha yakavunja njia na kushuka juu ya watu waliolala. Mwezi wa Januari 1993, karibu na Mtito Andei, mafuriko yaliharibu daraja la reli la Ngai Ndethya, treni ya abiria ikaanguka mtoni, na watu zaidi ya 100 wakafa. Na katika mlima wetu huu wa Elgon, upande wa Uganda, ardhi iliporomoka Bududa mwezi wa Machi 2010 ikafunika kijiji, nao waliokufa ni zaidi ya 100. Hatusemi kwamba ukosefu wa miti peke yake ndio ulioleta misiba hii. Mvua kubwa ni mvua kubwa. Tunasema kwamba mteremko usio na mizizi hauna kitu cha kuushika siku hiyo ikija.

Ziko faida nyingine ambazo kila mtu azijua: kuni, mbao, nguzo, dawa, asali, kivuli cha watu na mifugo, na kinga ya upepo kwa mahindi na kwa mabati ya nyumba zetu. Miti hutusafishia hewa pia. Tena miti ni kazi. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilianza kutengeneza karatasi mwaka 1974, nacho kilikula miti ya mashamba ya Serikali. Kilipofungwa mwaka 2009 kwa madeni, mji mzima uliona njaa. Watu wa Webuye hawahitaji kufundishwa kwamba msitu na mshahara vyaweza kuwa ndugu.

Reli yenyewe ina deni kwa miti. Kwa miaka mingi injini za moshi zilichoma kuni, na misitu mingi ilikatwa kwa ajili hiyo. Baadaye Reli ilipanda mikaratusi ili ipate kuni zake. Leo injini zatumia dizeli, lakini jikoni mwetu bado twachoma makaa. Kwa hiyo tusimlaumu mchoma makaa peke yake. Gunia lake lina mnunuzi, na mnunuzi ni mtu mwenye mshahara kama sisi.

Basi tupande, lakini tupande kwa akili. Mti mzuri mahali pabaya ni adui. Usipandwe karibu na reli, maana mizizi huharibu kalvati, matawi huangukia njia, na dereva hawezi kuona mbele penye kona. Hapo kwenye tuta majani mafupi yatosha. Mkaratusi usipandwe ukingoni mwa mto wala penye chemchemi, kwa kuwa hunywa maji mengi. Mahali pake ni shamba la kuni, mbali na maji. Ukingoni panafaa miti ya asili, kama mkuyu. Mpakani mwa shamba panafaa lusiola, mti unaojulikana sana kwetu Uluhya, nao hutoa nguzo na mbao nzuri.

Tarehe 13 Novemba 2023 Serikali ilitoa siku ya mapumziko ili kila mtu apande mti. Lilikuwa jambo jema. Lakini sisi watu wa reli twajua kwamba kulaza reli ni kazi ya siku moja, na kuitunza ni kazi ya kila siku. Njia isiyokaguliwa haidumu, hata ikiwa ilifunguliwa kwa ngoma na hotuba. Ndivyo ulivyo mche. Usipotiliwa maji, usipozungushiwa miba, mbuzi wataula kabla ya mvua ya pili. Tusihesabu miche iliyopandwa. Tuhesabu iliyo hai.

Kwa hiyo tunaomba mkutano huu ukubali mambo matatu.

Kwanza, tawi letu lianzishe kitalu cha miche, na kila mwanachama achukue miche mitano ya kutunza. Baada ya mwaka mmoja atoe hesabu ya iliyo hai mbele ya mkutano, kama mweka hazina anavyotoa hesabu ya fedha.

Pili, chama kiwaandikie waajiri kwamba kalvati na mifereji isafishwe kabla ya mvua za Machi, wala si baada ya msiba, na watu wa kutosha wawekwe kwa kazi hiyo. Hii ni haki ya wafanya kazi, na ni usalama wa abiria.

Tatu, tukae na wakulima wenzetu wa kando ya mto, kwa heshima na bila amri, tukubaliane juu ya ukingo kuachwa na miti yake. Mwenye shamba huko ni kaka yetu au shemeji yetu, naye atatusikia.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sisi twaongeza: usipopanda mti mlimani, utajenga daraja bondeni, na huenda ukalijenga juu ya makaburi.

 Tunangoja maswali yenu.