Stima Ikikatika Upande Mmoja wa Nyumba

(Haya ndiyo maneno ya hotuba aliyoitoa fundi mmoja wa stima mbele ya wenye nyumba na wakulima wa Ngoliba, karibu na Thika.)



Jambo nililoombwa kuwaelezeni leo ni dogo kwa sura, lakini limewatia watu wengi hasara, na wengine limewatoa roho. Ni lile la stima kukatika upande mmoja wa nyumba na kubaki upande wa pili. Taa ya sebuleni yawaka, lakini jikoni ni giza. Au taa zote zawaka, lakini soketi hata moja haifanyi kazi. Stima ikikatika nyumba nzima kila mtu ajua la kufanya: hutazama kwa jirani, hutazama tokeni, kisha huwasha mshumaa akangoja. Lakini ikikatika nusu, mtu huingiwa na ushujaa, akachukua bisibisi na kupanda juu ya kiti. Ushujaa huo ndio uliotuleta hapa.

Sisi wa pande hizi hatuko mbali na chimbuko la umeme wa nchi hii. Mashine za Ndula, katika mto wetu wa Thika, zilianza kutoa umeme mwaka 1925, miaka mitatu tu baada ya kuundwa kwa ile kampuni ya zamani ya East African Power and Lighting. Hata hivyo nyumba nyingi za vijijini ziliendelea na taa za mafuta kwa miaka mingi sana, na wengi walipata mita zao tangu mwaka 2015, serikali ilipoanza mpango wa kuwaunganishia watu wanaokaa karibu na transfoma. Basi si aibu kuuliza. Baba zetu walijua tabia ya moto wa kuni kwa sababu walikaa nao tangu utoto. Moto huu wa waya tumeujua juzi.

Kwanza yafaa tufahamu unavyoingia nyumbani. Katika nguzo za njiani aghalabu kuna waya nne: tatu ni za moto, ambazo mafundi huziita fezi, na moja ni ya kurudishia umeme, iitwayo nyutro. Kati ya fezi moja na nyutro kuna volti 240, na kati ya fezi na fezi kuna volti 415. Nyumba ya kawaida hupewa fezi moja na nyutro. Jirani yako huenda amepewa fezi nyingine. Ndiyo maana jirani aweza kuwa na taa ilhali wewe huna, na kosa si la nyumba yako wala si husuda ya mtu. Fezi moja imekatika njiani, basi. Ukitaka kujua hakika, usiulize nyumba moja. Uliza tatu au nne.

Kutoka kwenye mita, umeme huingia katika kasha la breka, na humo hugawanyika njia njia: njia ya taa, njia ya soketi, njia ya jiko, na ya maji ya kuoga kwa wenye nayo. Kila njia ina breka yake kama bawabu. Breka ya taa huwa ya ampea 6 au 10. Ya soketi mara nyingi ni ya 32. Njia moja ikipata kosa, bawabu wake huanguka, na zile nyingine huendelea kama kawaida. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya nusu nyumba kuwa gizani, nayo ndiyo sababu njema kuliko zote, kwa maana breka iliyoanguka imefanya kazi yake.

Ukiikuta breka imeanguka, usiirudishe papo hapo. Zima taa za njia ile, au chomoa kila kitu katika soketi zake. Kisha uisukume breka chini kabisa, halafu juu, kwa sababu nyingi zikianguka husimama katikati na hazikubali kwenda juu moja kwa moja. Ikikaa, rudisha vitu kimoja kimoja. Kile kitakachoiangusha ndicho kibovu, na mara nyingi utakuta ni birika, pasi au waya wa kuongezea uliokanyagwa na mguu wa kitanda. Ikianguka tena hali hakuna kitu kilichochomekwa, kosa limo katika waya za nyumba, na hapo kazi yako imekwisha, mwite fundi. Kuirudisha mara tano, mara sita, ukitumaini itachoka, ni sawa na kupuliza cheche.

Katika makasha mengi ya siku hizi kuna pia breka pana yenye kitufe kidogo chenye herufi T. Hiyo hulinda uhai wa mtu. Ikiona umeme unavuja kwenda ardhini, hata kiasi kidogo cha sehemu 30 katika elfu za ampea moja, hukata mara moja. Mafundi wengi huifunga upande wa soketi tu, na kwa hiyo ikianguka soketi zote hufa na taa hubaki. Utaratibu wake ni ule ule wa kuchomoa na kurudisha kimoja kimoja. Kitufe kile kibonyezeni mara kwa mara. Kisipoikata, breka hiyo ni pambo.

Nilipata kuitwa katika nyumba moja, si mbali na hapa, ya mama anayefuga kuku. Alikuwa na vifaranga 200 chini ya balbu nne za joto, kila moja ya wati 250. Kila jioni taa za upande ule zilizimika, vifaranga wakajikusanya pembeni kwa baridi na kulaliana, na asubuhi aliwaokota waliokufa. Mwanawe alikwisha nunua breka ya ampea 32 aifunge mahali pa ile ya 6, na alikuwa akiningoja nimsifu. Tukapiga hesabu pamoja. Balbu nne ni wati 1,000, na ukigawanya kwa volti 240 wapata ampea 4 na kidogo. Balbu hizo zilikuwa zimevutwa kutoka njia ya taa. Jioni taa za nyumba zikawashwa, na binti akachomeka pasi ya wati 1,000 katika kishikio cha balbu ili apige nguo za shule. Hizo ni ampea 4 nyingine. Jumla yapita 8, na breka ya 6 ikivumilia dakika kadhaa huanguka. Kama ile ya 32 ingefungwa, isingeanguka kabisa, lakini waya mwembamba wa taa ungepata moto ndani ya dari, na chini yake palikuwa na maranda ya mbao yaliyotandikiwa vifaranga. Tulivuta njia mpya ya waya mnene kutoka kwenye kasha, yenye breka yake, kwa ajili ya banda peke yake. Gharama yake haikufikia thamani ya vifaranga waliokwisha kufa. Hayo nayasema kwa ajili ya vijana, maana wao ndio wanunuzi wa breka kubwa.

Sababu ya pili ni ya hila zaidi, nayo ni breka zote ziko juu na bado chumba kimoja hakina umeme. Hapo mara nyingi skrubu imelegea nyuma ya soketi au ndani ya kasha, na waya umeungua kidogo kidogo hata ukaachana. Dalili zake huonekana mapema: taa hupepesa, soketi huwa ya moto, pana harufu kama ya samaki au plastiki inayoungua, na kifuniko kimepiga weusi. Ukiona mojawapo, zima swichi kuu, usingoje chumba kife.

Nisikilizeni vizuri hapa. Ikiwa uliokatika ni waya wa nyutro, taa haitawaka na redio haitasema, lakini moto bado umo ndani ya waya. Tena ukiwa umeacha kitu kimewashwa, moto hupita ndani ya kitu hicho ukatokea hata katika waya wa nyutro wenyewe, na testa itawaka pande zote mbili. Mtu huona taa imekufa, akasema hakuna stima, akashika. Taa iliyozimika si ushahidi wa usalama. Swichi kuu iliyozimwa, na testa iliyojaribiwa kwanza mahali penye umeme, huo ndio ushahidi. Wala msiamini rangi za waya: nyumba za zamani zina nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro, za sasa zina kahawia na buluu, na nyumba iliyoongezwa vyumba mara mbili ina zote, kwa mpango aujuao Mungu na fundi aliyepita.

Ikiwa taa za upande mmoja zimefifia kama mshumaa na za upande wa pili zang'aa kupita kiasi, au kwako zang'aa na kwa jirani zimefifia, hiyo ni nyutro iliyokatika katika waya kubwa za njiani au za nyumba yenye fezi tatu. Volti zimepotea mizani, na friji na televisheni vyaweza kuungua katika dakika chache. Zima swichi kuu kwanza. Maswali yaje baadaye.

Kwa wakulima wenye pampu za fezi tatu kando ya Athi na Thika, nina neno fupi. Fezi moja ikikatika, taa za nyumbani zaweza kubaki, lakini mota haitazunguka vema. Hunguruma, hupata joto na huungua. Ukiisikia ikinguruma, izime hapo hapo, na usiiwashe mpaka fezi zote tatu zimerudi. Kiko chombo kidogo cha kufunga katika swichi ya pampu ambacho huizima chenyewe fezi ikikosekana. Ni rahisi kuliko kuisuka mota upya.

Na wenye nyumba za mabati: ukishika mlango au ukuta ukahisi mtetemo, hata kidogo, usiguse tena. Waya umechubuka na kugusa bati, na nyumba nzima imekuwa waya. Watoe watoto nje, wasishike kitu. Swichi kuu izimwe na mtu mwenye viatu vikavu, kwa kitu kikavu cha mbao, ikiwa yafikika pasipo kugusa bati. Ikiwa haifikiki, kaeni nje, na mpige simu.

Simu ya kampuni ya stima ni 97771. Kampuni hushughulikia waya za njiani mpaka kwenye mita. Kutoka hapo hadi ndani ni kazi ya fundi wako, naye awe na leseni ya EPRA, mwombe akuonyeshe. Lakiri ya mita usiivunje, hata ukiwa na hakika kwamba kosa limo humo. Unapopiga simu, uwe na namba ya mita mkononi, useme ni nyumba ngapi zimekosa umeme, kama taa zimefifia au zimezimika, na kama kuna waya ulioanguka. Waya ulioanguka usisogelewe, hata kama umelala kimya katika majani. Mtu mmoja asimame mbali na kuwazuia watoto na ng'ombe mpaka mafundi wafike.