Mkate juu ya Makaa, na Gudulia la Maji
Dominika ya 19 ya Mwaka B
Masomo: 1 Fal 19:4-8, Efe 4:30–5:2, Yn 6:41-51





Somo la kwanza la leo linatupeleka jangwani, tukamtazame mtu aliyechoka. Eliya si mtu mdogo. Siku chache kabla ya hapo alisimama juu ya mlima Karmeli mbele ya manabii wa Baali, na moto ukashuka. Jioni ile alikimbia mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka Yezreeli, katika mvua. Lakini malkia Yezebeli alipotuma neno kwamba atamwua, nabii huyu hodari aliogopa akatoroka. Alipofika Beer-sheba alimwacha mtumishi wake huko, akaendelea peke yake mwendo wa siku nzima, akaketi chini ya mti wa jangwani, akamwomba Mungu amtwae roho. Alikwisha kuona kwamba yeye si bora kuliko baba zake. Kisha akalala.

Sasa tutazame dawa aliyopewa. Mungu hakumkemea. Hakumkumbusha Karmeli, wala hakumweleza ubaya wa kukata tamaa, kama sisi wahubiri tungalivyofanya kwa dakika arobaini. Malaika alimgusa akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Na malaika hakumlaumu kwa kulala mara ya pili. Alimwacha apumzike, kisha akarudi, akamgusa tena, akamlisha tena, kwa sababu safari iliyokuwa mbele ilizidi nguvu zake. Chakula, maji, usingizi, na halafu mwendo wa miguu wa siku arobaini hadi Horebu. Tukimpelekea mganga wa leo karatasi hii, nadhani angeitia sahihi.

Tunajua kwamba somo hili limewekwa leo ili lituandae kwa maneno ya Bwana juu ya mkate wa uzima, katika Injili ya Yohane. Hilo ndilo kubwa. Lakini tusiupite haraka ule mkate wa kwanza, uliookwa kwa unga na moto. Baadhi yetu tumezoea kuusema mwili kana kwamba ni gunia la kubebea roho, ambalo likichakaa si neno. Mtume Paulo hakufundisha hivyo. Aliwaandikia Wakorintho kwamba miili yetu ni hekalu la Roho Mtakatifu. Na Bwana wetu alipomfufua yule binti wa Yairo, jambo aliloliagiza wazazi wangali wameduwaa ni kwamba mtoto apewe chakula.

Sisi tunaozungumza nanyi tulikuja kuyaelewa haya tukiwa tumechelewa kidogo. Miaka michache iliyopita, siku iliyofuata Kipaimara katika parokia yetu ya huku milimani, tulipatwa na kizunguzungu sakristiani. Tulipelekwa zahanati. Aliyetupima alikuwa kijana tuliyemfundisha kutumikia altareni, na kipimo kikaonyesha 168 kwa 104. Alitutazama, akauliza kwa adabu, "Baba, jana mlikula nini?" Ikabidi tuungame. Tulikuwa tumealikwa nyumba tatu za wenye watoto wa Kipaimara. Nyumba tatu, pilau tatu, soda tatu, kwa kuwa padre hakatai chakula cha waamini wake. Kijana akaandika dawa, akasema, "Baba, hizi si za wiki moja."

Basi, kama wengi wetu tufanyavyo mwanzo wa mwaka, tuliweka azimio kubwa. Tulinunua viatu vya raba mnadani, tukatangaza mezani kwamba kila alfajiri tutakimbia mpaka daraja la mto na kurudi. Tulikimbia siku tisa. Siku ya kumi goti lilivimba, na siku ya kumi na mbili viatu vilikuwa chini ya kitanda. Tuliona haya kuliko tulivyoumwa. Ndipo katekista wetu, mtu asiye na maneno mengi, alipotuambia, "Baba, kile kigango cha pili ni kilomita nne. Mimi huenda kwa miguu kila Jumatano na kila Jumamosi. Pikipiki ipumzike, twende wote."

Tangu hapo tunakwenda naye. Ni dakika hamsini kwenda na hamsini kurudi, mara mbili kwa juma, tukisali rozari pale penye tambarare, maana penye mlima pumzi haitoshi kwa rozari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila juma; sisi tunapata 200 bila kukimbia hata hatua moja. Presha imeshuka. Lakini tuseme ukweli wote, hasa kwa wale wanaotusikiliza wakiwa na vidonge kabatini: tunatembea, na dawa bado tunameza. Sala haikuwekwa na Mungu ishindane na kidonge. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha tusali tunapougua, na papo hapo tumpe mganga nafasi yake. Anayewaambia mtupe dawa ili kuonyesha imani, msimsikilize.

Habari hii ya padre na goti lake ingekuwa ya kuchekesha tu, kama isingekuwa na upande mwingine. Nayo ndiyo sababu hasa ya kulichagua somo hili.

Katika jumuiya ndogondogo moja ya parokia yetu kuna mama aliyekuwa mwenyekiti wake kwa miaka mingi. Mama huyu alikuwa na kisukari, wala hakumwambia mtu. Alikuwa na kawaida ya kushika soda mkononi muda mrefu katika mikutano yetu, akinywa kidogo kidogo, nasi tulidhani ni ustaarabu wake. Siku ya sikukuu ya somo wa parokia tulipita kati ya meza tukiwasalimu waamini, tukaona chupa yake haijafunguliwa. Tukaichukua, tukaifungua kwa mkono wetu wenyewe, tukamtania kwamba mwenyekiti hawezi kufunga mbele ya Paroko. Watu wakacheka. Naye akacheka, akanywa yote.

Mwaka uliofuata alipata kidonda mguuni, kidogo kama punje ya harage, kisipone. Alikificha pia. Alipofikishwa hospitali ya wilaya, mguu ulikatwa chini ya goti. Tulikwenda kumpa Sakramenti ya Wagonjwa, na hapo ndipo aliposimulia. Tulimwuliza, "Mama, kwa nini siku ile hukukataa?" Akajibu bila uchungu, "Baba, ningekataaje chupa iliyofunguliwa na Paroko?"

Hatusemi kwamba chupa moja ilikata mguu. Kisukari hakifanyi kazi hivyo. Huharibu mishipa polepole kwa miaka. Lakini kwa miaka hiyo yote, kila Jumamosi, meza ya jumuiya yake, meza ya wapendwa wake, ilimwekea mbele kile ambacho mwili wake haukuweza kukibeba, na hapakuwa na hata mmoja wetu aliyemwachia nafasi ya kusema hapana.

Tuseme mambo yenyewe kwa hesabu, maana makatekista mtaulizwa. Chupa ya soda ya mililita 350 kwa kawaida ina sukari ya vijiko vya chai vinane au tisa. Hakuna mama kati yenu angemtilia mgeni vijiko tisa katika kikombe cha chai. Mgeni angedhani anatukanwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unashauri sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi gramu 50 hivi kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na ikipungua nusu ni heri zaidi. Soda tatu za Kipaimara zilizidi gramu mia. Chumvi nayo isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyomo tayari katika mchuzi. Na wagonjwa si wachache. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2012 uliona kwamba kati ya watu wa miaka 25 hadi 64, karibu mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Hesabuni mabenchi ya kanisa lenu.

Wala tusidhani kwamba chakula chema ni cha wenye fedha. Hapa kuna jambo linalotusikitisha. Wengi wetu tulikulia katika ugali wa dona, maharage, mchicha na matembele, na mama zetu walipoona mgeni anakuja waliuficha unga wa dona, wakakimbia kuazima sembe nyeupe kwa jirani. Tulikuwa tunaona haya kwa kilicho bora! Dona hubaki na ganda na kiini cha hindi, ndimo yalimo makapi yanayosaidia tumbo na sehemu kubwa ya vitamini. Sembe imekobolewa hivyo vyote, vikapewa kuku, na kuku wamenawiri. Tahadhari moja tu: dona itokane na mahindi yaliyokaushwa vema. Mahindi yenye ukungu hubeba sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Tulipolipeleka jambo la meza yetu katika Halmashauri ya Walei, halikupokelewa kwa makofi. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alisimama akasema, "Baba, waliotutangulia walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mwataka mgeni aje, anywe maji, aende akatusimulie uchoyo wetu?" Hatukuwa na jibu zuri. Ukarimu ni fadhila, na mzee alikuwa akiutetea. Aliyemjibu ni yule mama, ameketi na magongo yake kando. Alisema tu, "Mzee wangu, mgeni wa kila Jumamosi nilikuwa mimi." Kikao kilinyamaza kwa muda.

Hatukupiga marufuku soda. Tuliafikiana kwamba maji yaliyochemshwa na matunda, yaani parachichi, ndizi na mapapai, vitangulie mezani, soda ziwe kando kwa anayezitaka, na mtu asimfungulie mwenzake chupa. Katika jumuiya limeshika. Katika arusi bado. Kreti zimepangwa kama zamani, na mzee wetu bado ananuna anapoona jagi la maji. Tunaendelea kuzungumza naye.

Wazee wanaotusikiliza watakumbuka kwamba nchi hii ilikwisha kufanya jambo kama hili, tena kwa njia ya redio. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vijijini, wakasikiliza kipindi pamoja, mmoja akawasomea kitabu, kisha wakaulizana: sisi hapa tufanye nini? Wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka kando ya nyumba. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Redio haikuwa na nguvu ya kumchimbia mtu choo. Nguvu ilikuwa katika kikundi, kwamba juma lijalo jirani atakuuliza umefikia wapi. Azimio letu la viatu vya raba lilikufa kwa kukosa jirani wa namna hiyo, na lile la kigango linaishi kwa sababu saa kumi na moja na nusu alfajiri katekista yupo mlangoni, na kumwambia mtu wa namna ile kwamba tumechoka ni kazi kuliko kutembea.

Eliya naye alikosea hapo, akiwa nabii. Alimwacha mtumishi wake Beer-sheba. Na kule Horebu alipomlalamikia Mungu kwamba amesalia peke yake, Mungu alimjulisha kwamba wapo elfu saba katika Israeli wasiompigia Baali magoti, akamtuma akamtwae Elisha. Hakurudi tena kutembea peke yake.

Ninyi makatekista mnaopokea maandishi haya, tunawaomba jambo moja dogo kwa juma hili. Katika mkutano wa jumuiya, kabla ya kufungua chochote, ulizeni kama yupo asiyekula au asiyenywa kitu fulani, na muulize kwa namna ambayo aliye na haya ataweza kujibu. Wenye kisukari wanaotumia dawa wasifunge chakula pasipo kumwuliza mganga wao. Kanisa haliwadai wagonjwa mfungo. Na anayetaka kuanza kutembea aanze na njia anayopaswa kupita kwa vyovyote, kwenda shambani, kisimani au kanisani, na amtafute wa kwenda naye.

Yule mama anakaa karibu na kigango cha pili. Alipewa mguu wa bandia, na anaufanyia mazoezi uani, akishika kamba ya kuanikia nguo. Jumatano tunapofika tukiwa tumelowa jasho, huwa ametoa kibarazani maji ya mtungini na vikombe viwili. Tukikaa muda mrefu kuliko desturi, hutuambia, "Kunyweni tena, Baba, bado mnarudi."

Tumsifu Yesu Kristo.