Chai ya Shimanzi na Vita vya Sudan



Nimeambiwa nizungumze nanyi kuhusu kuujua ulimwengu kwa ajili ya kazi zenu za baadaye. Najua mtu akisikia hivyo anawaza pasipoti, viza na picha za uwanja wa ndege. Lakini mimi kwanza sitowatoa nje ya Mombasa. Twendeni Shimanzi tu hapa.

Wengi wenu mna kaka au mjomba aliyewahi kufanya kibarua kwenye maghala ya chai. Chai inayouzwa kwenye mnada wa Mombasa haitoki Kenya peke yake. Inatoka Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na kwengineko, na inauzwa kwa dola. Mnunuzi mkubwa kabisa wa chai ya Kenya ni Pakistan. Sudan nayo kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa.

Sasa sikiliza. Februari 2025, kundi la RSF, lile linalopigana na jeshi la Sudan, lilikutana Nairobi na washirika wake wakatia saini makubaliano ya kuunda serikali yao. Serikali ya jeshi kule Sudan ikaghadhibika. Machi 2025 ikasimamisha bidhaa zote kutoka Kenya, chai ikiwemo. Kikao kimefanyika Nairobi, hasira ziko Port Sudan, na anayeweza kuambiwa "leo hakuna mzigo, rudi nyumbani" ni kijana wa Changamwe ambaye hajawahi kuonana na Msudani hata mmoja.

Kijana huyo hana kosa. Lakini kuna tofauti kati ya mtu anayetazama habari za Sudan kama tamthilia na anayezitazama kama habari za kazi yake. Wa pili atamuuliza karani mapema: mzigo wetu mwingi unakwenda wapi? Swali hilo halina ada, na jibu lake laweza kukufanya utafute ghala jengine kabla msururu haujawa mrefu. Na wewe uliyesomea diploma ya biashara, unafaa ujue zaidi. Juni 2022, Pakistan ikiwa na uhaba wa dola, waziri wao Ahsan Iqbal aliwaomba wananchi wapunguze kikombe kimoja au viwili vya chai kwa siku, manake chai yao inanunuliwa kwa pesa za kukopa. Watu walicheka mitandaoni. Hapa kwetu hilo halikuwa jambo la kucheka hata kidogo.

Wale wa magari na bandari, lenu ni fupi. Mwishoni mwa 2023 Wahuthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli Bahari Nyekundu, makampuni makubwa yakaanza kuzungusha meli zao kupitia Afrika Kusini. Basi mwenye yadi akikwambia gari lako kutoka Japani limechelewa kwa sababu ya Bahari Nyekundu, fungua ramani. Meli ya Japani kuja Mombasa haina haja ya kupita huko. La Uingereza ndilo hupita. Nauli inaweza kupanda hata kwa la Japani, maana meli zikizunguka mbali zinaadimika kila mahali, lakini hapo mwambie akueleze vizuri.

Sasa Ghuba, na hapa nataka tukae.

Kila mtaa wetu una binti aliyekwenda "Arabuni". Neno hili linatuumiza. Arabuni si nchi. Ukiulizwa unakwenda wapi ukajibu Arabuni, ajenti ameshajua kwamba hujui sheria gani inakungoja. Chukua nchi mbili tu. Saudia ilianza mageuzi Machi 2021, mfanyakazi wa kampuni binafsi akaruhusiwa, kwa masharti, kubadilisha mwajiri na kutoka nchini bila idhini ya kafili wake. Ikatangazwa dunia nzima. Lakini mageuzi yale yaliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani, madereva wa nyumbani, watunza bustani na wachunga mifugo. Yaani zile kazi hasa wanazozifuata wengi wa kwetu! Qatar nayo mwaka 2020 iliondoa sharti la kibali cha mwajiri kwa anayehama kazi, na Machi 2021 ikaweka mshahara wa chini wa riyali 1,000 kwa mwezi, wafanyakazi wa nyumbani wakiwemo. Sisemi Qatar ni pepo. Sheria iliyoandikwa ni kitu kimoja, na mwenye nyumba ni kitu chengine. Lakini dada anayejua tofauti hii ana la kuuliza kabla ya kupanda ndege. Ajenti akikwambia "siku hizi kafala imeisha", muulize: imeisha nchi gani, na imeisha kwa kazi gani? Akikwambia kuna sheria mpya, akuonyeshe mahali inapomtaja mfanyakazi wa nyumbani. Na jina lake mwenyewe litafute kwenye orodha ya maajenti waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Jambo jengine ambalo hatulizungumzi. Sisi herufi za Kiarabu tumezisoma tangu chuoni, mikononi mwa maalim. Kijana wa bara anayeomba kazi hiyo hiyo hana bahati hii. Lakini ukipewa mkataba wa Kiarabu unaweza kuutamka wote bila kujua umeandikwa nini. Kwa sheria ya kazi ya Saudia, maandishi ya Kiarabu na tafsiri yakitofautiana, yanayofuatwa ni ya Kiarabu. Maneno kama mshahara, saa za kazi, siku ya mapumziko na kusitisha mkataba hayafiki hata hamsini. Nusu ya kazi umeshaifanya ukiwa mtoto, malizia.

Wiki hii kila mmoja achague kazi anayoitaka, kisha auliwaze mambo matatu: pesa yake inatoka nchi gani, mzigo au mtu anapita njia gani, na sheria ya nani inamlinda. Waulizeni wanaoifanya, si simu peke yake. Jumamosi mje na majibu. Mimi nitaleta ramani kubwa ya karatasi, manake ile ya kwenye simu haitutoshi sote.