Kodi na Uzalendo: Nani Anamdai Nani?

Utangulizi

Mtalii akinunua maji ya chupa mjini Arusha, ndani ya bei ile mna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Mwalimu wa shule ya msingi anayefuata kwenye foleni akinunua chupa kama hiyo, analipa kodi ileile. Hakuna atakayemwita mtalii yule mzalendo wa Tanzania.

Basi uzalendo uko wapi katika habari ya kodi? Mada hii inashikilia kwamba kulipa ni wajibu wa kisheria, unaomhusu hata mgeni. Uzalendo wa raia unaonekana katika mambo mawili yasiyoweza kusimamiwa na askari kila saa: kutoila kodi iliyokwisha kulipwa na mwenzake, na kuulizia ilikokwenda.

Kodi kabla ya uraia

Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na nyumba ya kijijini ilidaiwa rupia 3. Asiye na fedha alifanyishwa kazi. Bunge halikuwapo, na mlipaji hakuulizwa lolote. Kodi ile, pamoja na kulazimishwa kulima pamba, ni miongoni mwa mambo yaliyowasha Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Wanaowaenzi wapiganaji wale leo hawawaiti wakwepa kodi.

Hata baada ya Uhuru, kumbukumbu hiyo haikufutika upesi. Kodi ya maendeleo, iliyotozwa kwa kichwa na halmashauri, ilikusanywa kwa msaada wa mgambo, na waliposikika wanakuja, wanaume wa vijiji vingi waliingia porini. Ilifutwa mwaka 2003.

Kilichobadilika ni msingi wa madai. Ibara ya 138 ya Katiba ya mwaka 1977 inakataza kutoza kodi isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Ibara ya 143 inamtaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kukagua hesabu angalau mara moja kila mwaka. Zikisomwa pamoja, ibara hizo zinaonyesha deni la pande mbili: mwananchi anadaiwa kodi, Serikali inadaiwa hesabu.

Kwenye kaunta

Kariakoo, Dar es Salaam, mteja akishachagua bidhaa, mara nyingi huulizwa: “Na risiti au bila risiti?”

Chukua bidhaa ya shilingi 118,000. Kati ya hizo, 100,000 ni bei ya muuzaji na 18,000 ni kodi. Muuzaji anashusha hadi 105,000 “bila karatasi”. Mteja anafurahi kuokoa 13,000, muuzaji anabaki na 5,000 juu ya bei yake, na ile 18,000 ya hazina imegawanwa na watu wawili waliokutana dakika tano tu. Sheria inamtaka muuzaji atoe risiti ya mashine ya kielektroniki (EFD) na mnunuzi aidai, na kila mmoja ana adhabu yake. Lakini ofisa wa kodi hawezi kusimama kwenye kila kaunta. Hapo ndipo mnunuzi anapopimwa, na huyo ndiye anayelalamika baadaye kwamba zahanati haina dawa.

Muuzaji naye ana upande wake. Anayetoa risiti kwa uaminifu huwapoteza wateja kwa jirani asiyetoa. Mei 15, 2023, maduka ya Kariakoo yalifungwa, wafanyabiashara wakilalamikia kikosi kazi cha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) na utaratibu wa usajili wa stoo. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikutana nao Mnazi Mmoja, na kikosi kazi kikasimamishwa. Kuwaambia tu watu hao wawe wazalendo kusingefungua mlango hata mmoja.

Kodi isiyojua mlipaji

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Ukusanyaji ukawa rahisi, ila mita haimjui mwenye nyumba. Mpangaji wa chumba na sebule ndiye anayenunua umeme, na ndiye anayekatwa. Aliambiwa amalizane na mwenye nyumba, yuleyule anayeweza kumpandishia kodi ya pango mwezi ujao.

Mwaka huohuo ilikuja tozo ya miamala ya simu, ambayo baadhi ya watu waliiita kodi ya uzalendo. Serikali ilieleza kwamba fedha zinajenga madarasa na vituo vya afya. Malalamiko hayakukoma, na mnamo Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Jina zuri halikumpunguzia maumivu mama aliyetumiwa shilingi elfu kumi na mwanawe.

Kenya nako, ambako kaulimbiu ya mamlaka ya mapato ni “Tulipe Ushuru, Tujitegemee”, vijana waliopinga Muswada wa Fedha wa mwaka 2024 walibeba bendera ya taifa. Juni 25 waandamanaji waliingia Bungeni na watu wakauawa, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatausaini. Pamoja na kupinga makali ya kodi, walihoji anasa za viongozi. Walijiona wazalendo kwa kuuliza, na ni vigumu kuwakatalia.

Mapendekezo kwa washiriki

Kwanza, elimu ya kodi iache kuanza na lawama. Ianze na hesabu ya ile 118,000, ili mnunuzi aone mkono wake umo.

Pili, risiti ya LUKU inayoonyesha kodi ya majengo itambuliwe kisheria kuwa sehemu ya malipo ya pango, mpangaji asilazimike kubembeleza.

Tatu, Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao unapaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu, usomewe ukurasa mmoja: halmashauri ilikusanya kiasi gani, ilitumia kwa nini, na mkaguzi alihoji nini. Mtendaji asiwe na ruhusa ya kufunga kikao kabla ya maswali.